Insulini na mtoto aliye tumboni
SWALI: Nina mimba ya wiki 29 na kisukari cha mimba. Nimepunguza ugali, lakini sukari haishuki, na daktari ameniandikia insulini. Je, haitamdhuru mtoto?

JIBU: Dada, ondoa hofu, kwani insulini haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, kinachovuka ni sukari iliyozidi, nayo humfanya awe mkubwa kupita kiasi hata kujifungua kukawa kugumu. Daktari wako akikubali, lenga sukari ya damu iwe chini ya 5.3 mmol/L (kizio kinachoonyeshwa na mashine ya kupimia) kabla ya kifungua kinywa na chini ya 7.8 mmol/L saa moja baada ya mlo, ukiandika kila kipimo daftarini. Usiruke mlo baada ya sindano. Ukitetemeka na kutokwa na jasho, yaani sukari imeshuka mno, kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha upime tena baada ya dakika 15.