Ukianza kuchora magari, anzia Detroit ya miaka ya 1950

Vijana wengi wanaoniuliza waanzie wapi kuchora magari huja na simu zilizojaa picha za magari ya mwaka huu. Nami huwarudisha nyuma hadi Detroit, jiji la viwanda vya magari huko Marekani, kati ya mwaka 1945 na katikati ya miaka ya 1960, kwenye michoro ya dhana, yaani michoro ya magari yaliyokuwa bado wazo tu, iliyotoka katika studio za General Motors, Ford, Chrysler na nyinginezo. Magari yenyewe yalikuwa na kasoro nyingi: yalikula mafuta, yalikuwa mazito, na usalama wa abiria ulifikiriwa mwisho. Lakini michoro yake ni shule. Ilichorwa kwa mkono, upesi upesi, na watu waliojua kwamba itabandikwa ukutani pamoja na ya wenzao, na mkuu wao atapita kuchagua. Mchoro wa namna hiyo hauna pa kujificha. Ukiutazama kwa subira utaona mchoraji alikuwa anaomba nini.

Hilo ndilo ningependa ulishike kabla ya kushika penseli: mchoro wa dhana ni ombi. Mbunifu anamwomba mkuu wake akubali umbo fulani, kisha anamwomba fundi wa udongo, anayeunda kielelezo cha gari, alifinyange lilivyo. Anayeutazama kama picha ya kutundika sebuleni ataiga mapezi ya nyuma, yale mabati yaliyosimama mkiani mwa gari kama mapezi ya samaki, na mng'ao wa kromu, na kazi yenyewe itampita.

Utaratibu huo wa studio uliasisiwa na Harley Earl, aliyeletwa General Motors mwaka 1927 kuongoza idara mpya ya sura na rangi za magari. Earl hakusifika kwa mkono wa kuchora. Alisifika kwa jicho, na aliogopwa. Mwaka 1938 idara yake ilitoa Buick Y-Job, gari ambalo halikukusudiwa kuuzwa kamwe, na wengi hulihesabu kuwa gari la kwanza la dhana. Kuanzia 1949 hadi 1961 kampuni iliandaa maonyesho yaliyokuja kujulikana kama Motorama, yakianzia katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Huko ndiko umma ulikoiona Firebird ya kwanza mwaka 1954: kiti kimoja, injini ya turbaini, pua ndefu na mabawa mafupi, umbo la ndege ya kivita lililowekwa juu ya magurudumu. Kila gari la aina hiyo lilitanguliwa na rundo la michoro, na mingi katika hiyo iliishia jalalani. Basi kama mchoro wako wa leo haukuchaguliwa, hilo ni jambo la kawaida katika kazi hii tangu siku ya kwanza.

Tukija kwenye mkono, anza na magurudumu. Najua utatamani kuanza na boneti au taa, kwa kuwa ndiko kwenye sura ya gari. Usifanye hivyo. Gurudumu likitazamwa kwa mshazari huwa duaradufu, yaani duara lililobanwa, na mhimili mfupi wa duaradufu hiyo lazima ulale juu ya mstari wa ekseli. Ukikosea hapo, gari zima litaonekana limevunjika miguu, na hakuna rangi itakayoliokoa. Chora magurudumu yote manne, hata lile lililojificha upande wa pili, kisha chora ardhi yanapokanyaga. Ndipo ujenge mwili juu yake. Kwa gari la kawaida, baina ya gurudumu la mbele na la nyuma huingia magurudumu mengine matatu hivi. Chukua mchoro wowote wa miaka ya 1950 upime: mara nyingi utakuta nafasi imenyooshwa, paa limeshushwa, na dereva, kama yumo, amekuwa mdogo kama mtoto.

Huko kutia chumvi kuna sababu. Mchoraji alitaka wazo lake lisomeke kutoka mbali, ukutani, katikati ya mawazo mengine mengi. Wewe pia unaruhusiwa, mradi ujue umeongeza wapi na kwa kiasi gani. Nashauri kila mchoro uliotiwa chumvi uwe na mwenzake wa upande mmoja, wa vipimo halisi, wenye mtu wa kimo cha kawaida aliyeketi ndani. Michoro hiyo miwili ikitofautiana mno, utajua kabla ya fundi hajajua. Wapo pia walioweza kukifanya kiwanda kiufuate mchoro wenyewe: Cadillac ya 1959 ilifikia urefu wa takriban mita 5.7, na mapezi yake ya nyuma yalipanda juu kuliko gari lolote la Marekani lililowahi kuuzwa kwa wingi.

Somo linalofuata ni mwanga, na hapa nakuomba utulie, maana ndipo wanafunzi wengi wanapotengana na wachoraji.

Wabunifu wale walipenda karatasi yenye rangi: kijivu, buluu iliyofifia, kahawia, hata nyeusi. Karatasi nyeupe inakulazimisha ujaze kila sehemu. Karatasi ya rangi ya kati imekwisha kukufanyia nusu ya kazi; inakuwa rangi ya gari lenyewe, nawe unaongeza giza kwa penseli nyeusi na mwanga kwa penseli nyeupe. Waliongeza chaki iliyosagwa na kusuguliwa kwa pamba ili kupata mabadiliko laini, halafu mwishoni kabisa tone la rangi nyeupe nzito pale jua linapogonga ukingo. Vifaa hivyo si ghali, na hata leo penseli mbili na karatasi ya kijivu zinatosha kwa miezi mingi ya mazoezi.

Lakini kifaa bila kanuni hakikusaidii. Kanuni ni hii: mwili wa gari uliopakwa rangi ya kung'aa ni kioo kilichopinda. Sehemu inayotazama juu inaakisi anga, kwa hiyo ni nyepesi. Sehemu inayotazama chini inaakisi ardhi, kwa hiyo ina rangi ya udongo au lami. Katikati, ubavuni, unapita upeo wa macho, ule mstari mzito wa miti na nyumba ambapo ardhi inakutana na anga. Kromu hufuata kanuni hiyohiyo kwa ukali zaidi: juu buluu inayofifia kuelekea upeo, halafu mstari mweusi wa ghafla, halafu kahawia. Tazama bampa yoyote katika michoro ile, utaukuta mpangilio huo. Mbunifu aliyetaka ubavu uonekane umebonyea alihamisha tu mahali upeo unapopita. Hakuhitaji kuongeza mstari hata mmoja.

Hili hulijifunzi ukiwa umekaa mezani. Toka nje, tafuta gari safi lililoegeshwa mahali pa wazi, chuchumaa hadi macho yako yawe usawa wa kitasa cha mlango, kisha tembea polepole kutoka mbele hadi nyuma ukifuata upeo unavyojivuta juu ya bodi. Utauona unapanda kwenye bega la gari na kushuka karibu na mlango. Rudia na gari la umbo jingine. Ninavyoona mimi, saa moja ya zoezi hili inashinda wiki ya kutazama video.

Baada ya karatasi kulikuwa na ukuta. Mchoro uliokubaliwa ulihamishwa katika ukubwa kamili kwa tepu nyeusi nyembamba, mstari wa paa ukivutwa kwa mkono mmoja na kukandamizwa kwa mwingine, na kama haukupendeza ulibanduliwa na kuvutwa upya. Kisha udongo wa kufinyangia, ambao Earl aliufanya kuwa msingi wa kazi, ulipashwa moto na kupakwa juu ya kiunzi. Tepu na udongo bado vipo studioni hata sasa, pamoja na kompyuta zote. Ukipata nafasi ya kusimama karibu na mafundi wa udongo, isimamie kwa nguvu zako zote, kwa kuwa wao ndio watakaokuonyesha ni wapi mchoro wako ulisema uongo.

Sasa kisa ambacho kila anayeanza anapaswa kukijua. Agosti 1956, Chuck Jordan, mbunifu kijana wa General Motors, alipita karibu na uwanja wa Chrysler na kuona, nyuma ya uzio, magari mapya ya mwaka 1957 yakiwa yamepangwa. Yalikuwa kazi ya Virgil Exner na timu yake: ya chini, membamba, paa jepesi, mapezi yaliyopanda kwa mstari mmoja safi kutoka mlangoni hadi nyuma. Magari ambayo General Motors ilikuwa inayaandaa kwa 1959 yalikuwa manene na yamejaa kromu. Jordan alirudi studioni, wenzake wakaenda kujionea wenyewe, na Earl akiwa safarini Ulaya, vijana wakaanza kuchora upya chini ya Bill Mitchell, aliyekuja kumrithi mwaka 1958. Earl aliporudi, aliuacha mwelekeo mpya uendelee.

Jambo ninalolipenda katika kisa hicho ni wepesi wa wale vijana kuiacha kazi iliyokwisha kwenda mbali. Mchoro ni wa bei nafuu kuliko udongo, na udongo ni wa bei nafuu kuliko chuma. Thamani yake iko katika kukuruhusu kubadili mawazo mapema. Peter Brock aliajiriwa General Motors akiwa na miaka 19, na mchoro wake wa 1957 ndio uliochaguliwa kuwa mbegu ya Corvette Sting Ray ya 1963, gari la michezo la kampuni hiyo. Umri haukuzuia kitu, kwa kuwa ukutani ulionekana mchoro wenyewe.

Usiishie nje ya gari. Ruth Glennie na Suzanne Vanderbilt walikuwa miongoni mwa wanawake ambao Earl aliwaajiri miaka ya 1950, na kazi yao nyingi ilielekezwa ndani: viti, vitambaa, sehemu za kuhifadhia vitu. Michoro ya ndani ni migumu kuliko ya nje, kwa sababu mwili wa mtu haukubali kunyooshwa.

Kuna mmoja zaidi, na huyu nakuomba umsome kwa makini. McKinley Thompson alipata udhamini wa kusoma katika Art Center, chuo cha ubunifu huko Los Angeles, baada ya kushinda shindano la kuchora la jarida la magari, akahitimu na kuingia Ford mwaka 1956 akiwa mbunifu wa kwanza mweusi wa kampuni hiyo. Alichora magari ya ndotoni kama wenzake, na alikuwa miongoni mwa walioipa sura Ford Bronco ya kwanza. Katika miaka ya 1960 alianza kufikiria gari jepesi, la bei nafuu, lenye bodi ya plastiki ngumu, ambalo lingeweza kuundwa katika nchi za Afrika zilizokuwa zimetoka kupata uhuru, likaleta usafiri na ajira kwa pamoja. Aliliita Warrior. Ford haikuendelea nalo. Thompson alilijenga mwenyewe kwa msaada wa marafiki, likakamilika miaka ya 1970, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya The Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Ukiliweka kando ya Firebird utaona mkono uliofunzwa katika shule ileile ukijibu swali tofauti kabisa: kuna umbo pana, kuna nyuso bapa zilizo rahisi kutengeneza, hakuna pezi hata moja. Mimi naliona kuwa mojawapo ya maombi ya dhati kabisa yaliyotoka Detroit katika zama zile.

Michoro mingi haikunusurika. Ilikuwa mali ya kampuni, na ili kulinda siri iliharibiwa kwa wingi. Baadhi ya iliyopo leo ilitolewa kimyakimya na wabunifu wenyewe. The Henry Ford imeweka sehemu ya hazina yake mtandaoni, bure, kwa ubora unaokuwezesha kuona msuguano wa penseli. Anzia huko.

Chagua mchoro mmoja tu, wenye gari linaloonekana kwa mbele na ubavu. Unakili kwa ukubwa uleule hadi uweze kueleza kila sehemu nyeupe inaakisi nini. Kisha ufunike, chukua karatasi nyingine, na uchore gari hilohilo likitazamwa kutoka nyuma, upande ambao mchoraji hakuuonyesha. Chora kwanza magurudumu, halafu upeo ubavuni, halafu paa. Mahali utakapokwama, fungua tena mchoro wa mwanzo: jibu lipo kwenye mwanga wa ubavu, na ukilipata, endelea hadi bampa ya nyuma.