Mtwara–Dar kwa ndege: kilomita ngapi, na dakika ngapi hasa

Mkuu, umeuliza kwa nini mtandao mmoja unaandika 215, mwingine 248, mwingine 400, na kwa nini tiketi inaonyesha zaidi ya saa nzima wakati umeambiwa ni dakika 45 tu.

Namba zote tatu ni sawa. 215 ni maili za baharini, ndizo wanazotumia marubani. 248 ni maili za kawaida. 400 ni kilomita. Huo ni mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Mtwara (MYW) hadi Julius Nyerere (DAR), na sehemu kubwa unapita baharini: Kilwa na delta ya Rufiji vinabaki kushoto, Mafia kulia. Mpenda dirisha achague upande wake. Barabara inayozunguka na Mingoyo, Nangurukuru na Daraja la Mkapa ni kama kilomita 560, usichanganye.

Kwenye muda ndipo wengi wanapoteleza. Ndege aina ya ATR 72 ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 510 kwa saa, aina ya Q400 hufika 667. Ukigawanya unapata dakika 47 na 36. Lakini wakati wa kupanda na kushuka ndege haina mwendo huo, na kwa safari fupi hivi vipande hivyo viwili ni sehemu kubwa ya njia. Halafu muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili, pamoja na foleni ya kuruka au kutua Dar. Ndiyo maana inaandikwa saa moja hadi saa moja na robo.

Upepo nao una neno. Ndege ya kilomita 510 kwa saa ikikutana na upepo wa kilomita 37 kwa saa usoni hutumia dakika 51. Upepo huohuo ukiisukuma, 44. Njia ya kurukia ya Mtwara imelala karibu kaskazini–kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Kipindi cha kusi, ndege inayotoka Dar hunyoosha moja kwa moja na kutua. Kaskazi ikivuma, mara nyingi hubidi iupite uwanja kisha igeuke, dakika kadhaa zinaongezeka.

Kama unaunganisha Mwanza kwa tiketi mbili tofauti, acha nafasi ya saa tatu Dar. Mzigo utauchukua mwenyewe na kuusajili upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri wala haitakuomba samahani. Safari ya nje ya nchi ni Jengo la Tatu, kwa hiyo ongeza muda wa kuhama jengo.

Saa za tiketi ni za mfumo wa 24: 06:40 ni saa 12:40 asubuhi, 13:10 ni saa 7:10 mchana. Watu wanaachwa na ndege kwa kukosea hili.

Wa Lindi: Kikwetu, uwanja wa ndege wa Lindi, hadi uwanja wa Mtwara ni kama kilomita 70 za angani, lakini Lindi mjini hadi Mtwara kwa barabara ni zaidi ya 100. Kwa kosta weka saa mbili na ziada. Ukipita Mikindani usijione umefika, uwanja uko kusini mwa mji wa Mtwara. Ukishuka stendi bado unahitaji bajaji.