Daktari wa mgongo kwa video: wagonjwa wanaridhika?

Ndiyo, wengi wanaridhika. Wapo wanaodai kwamba wagonjwa wa video huona wametapeliwa, lakini si kweli. Tafiti za Marekani tangu 2020, korona ilipofunga kliniki na Medicare (bima ya afya ya serikali ya huko, hasa kwa wazee) ikapanua malipo ya huduma hii, zimeonyesha hivyo mara kwa mara. Sababu kubwa ni safari: mwenye maumivu ya kiuno kukalishwa garini muda mrefu ni adhabu tupu. Na picha za MRI, zile za ndani ya mgongo, daktari anakuonyesha kwenye skrini, wewe uko kwako. Inafaa hasa kwa miadi ya marudio, mfano kuangaliwa maendeleo baada ya upasuaji.

Miadi ya kwanza ndiyo wengi bado wanataka ana kwa ana, na mimi nakubaliana nao: kamera haiwezi kukugonga goti kupima rifleksi (mguu kuruka wenyewe ukigongwa), wala kujua vizuri mguu umepungukiwa nguvu kiasi gani. Kuridhika ni jambo moja, kupimwa sawasawa ni jingine. Ukianza kufa ganzi sehemu za siri na makalio, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, achana na video, nenda hospitali saa hiyohiyo.