Gia ya tatu kuruka ukivuta tela

Kaka, umesema ukiwa mtupu tuktuk haina shida, ila ukivuta tela la barafu kutoka Malindi kwenda Mayungu gia ya tatu inaruka. Usikubali kufunguliwa gearboksi kwanza! Fundi wa kwanza niliyempelekea yangu alitaka kuishusha injini yote, kumbe ni waya.

Tazama mshikio wa kushoto, ule wa kubadilishia gia, gia inaporuka. Ukirudi wenyewe mkononi, au ukibaki kwenye tatu na injini inalia kama iko huru, angalia zile waya mbili za gia. Zikivutika, mshikio unasoma tatu lakini kule chini gia haijaingia yote. Ukiwa mtupu inashikilia, mzigo ukivuta inachomoka. Kwetu huku chumvi ya bahari nayo hula waya hizo ndani ya ganda lake, utaona kutu ya rangi ya chai pale zinapoingilia. Badilisha zote mbili, usikaze moja.

Ikiwa injini inapanda sauti lakini gari haliongezi mwendo, hiyo si gia, ni klachi inateleza. Acha mkono wa klachi uwe na ulegevu wa milimita 2 au 3. Na oili uweke ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari hutelezesha sahani za klachi.

Waya mpya na bado inachomoka? Hapo sasa meno ya ndani yameliwa, fungua gearboksi. Na mchangani rudi gia ya pili mapema, usingoje injini ilie.