Je, chumbani kuna mwangwi au mvumo?

Swali: Napima spika zangu za nyumbani kwa maikrofoni na programu ya kompyuta, na mchoro wa nguvu ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, unatoka na vilima na mabonde. Niliwaandikia wenzangu kwamba "mwangwi wa chumba unaharibu vipimo". Mmoja akanisahihisha: chumbani hakuna mwangwi, kuna mvumo. Nani yuko sahihi? Na je, maikrofoni niiite kipaza sauti?

Jibu: Mwenzako ana haki ya kukusahihisha, ila naye amekupa neno moja pale yanapohitajika matatu.

Mwangwi ni sauti inayorudi ukaisikia mara ya pili, peke yake. Unaita bondeni, unanyamaza, mlima unakuitikia. Hewani, kwenye nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita 17 huirudisha baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikio hutenganisha hapo. Ukuta ulio mita 2 nyuma ya maikrofoni huirudisha ikiwa imechelewa milisekunde 12 hivi tu, na sikio huziunganisha sauti zote mbili zikawa moja. Basi kuita hali hiyo mwangwi ni kulivuta neno kupita uwezo wake.

Maikrofoni lakini hupokea zote mbili, na mahali zinapopingana ndipo bonde linapochimbika. Hiyo iite sauti iliyoakisiwa. Kuakisi tumezoea kukusikia kwenye mwanga na vioo, na hapa kunafaa vilevile. Usiseme mrejesho, neno hilo limeshashikwa na maoni ya watu. Spika na maikrofoni zikiwa mita 1 juu ya sakafu na mita 1 kati yao, sauti inayopitia sakafuni husafiri mita 1.24 zaidi, na bonde la kwanza huonekana karibu na Hz 140 (Hz, yaani hezi, ni mitetemo kwa sekunde). Sogeza maikrofoni: bonde likihama, kosa ni la chumba. Likibaki palepale kila unaposogeza, ishuku spika.

Mvumo ni kitu kingine. Kuvuma ni kuendelea: upepo huvuma, ngoma huvuma, na habari inayozagaa bila kukoma tunaiita uvumi. Kwa hiyo mvumo wa chumba ni sauti inayobaki ikififia baada ya chanzo kunyamaza. Mwanafizikia Wallace Sabine alianza kuuchunguza katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1895, na mpaka leo hupimwa kwa muda ambao sauti huchukua kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Piga kofi katika chumba kitupu utausikia. Mazulia na mapazia huupunguza, hasa kwa sauti nyembamba.

La tatu, ambalo mwenzako amelisahau, napendekeza tuliite mrindimo. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, wimbi la Hz 34 hivi huenda na kurudi likajikuta, likajiongezea nguvu. Kurindima ni kwa sauti nzito, ndiyo maana nalipenda neno hili hapa. Kilima cha mrindimo hakihami kwenye mchoro. Hupanda ukikaribia ukuta na karibu kutoweka katikati ya urefu wa chumba. Zulia haliwezi kukiondoa, kwa kuwa wimbi lenyewe lina urefu wa mita 10. Aliyeambiwa tu kwamba ana mwangwi atatandika zulia, kisha apime tena akikute kilima palepale.

Kuhusu kipaza sauti: kwenye hotuba ni sawa kabisa. Lakini watu hukitumia kwa maikrofoni, kwa spika na hata kwa amplifaya, na sentensi kama "weka kipaza sauti mbele ya kipaza sauti" haimsaidii mtu. Kwenye vipimo andika maikrofoni na spika. Usihofu kuchanganya na Spika wa Bunge, ngeli inatenganisha: spika imeharibika, Spika amefika.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Sauti iliyoakisiwa na sakafu inachimba bonde karibu na Hz 140, na mrindimo wa chumba unainua kilima karibu na Hz 34." Mvumo uutaje ukiwa umeupima.