Mtarajali naye anahitaji kungwi

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza madaktari walio mafunzoni hukabiliana vipi na msongo wa mawazo, na kama kuna anayewasaidia au huachwa wajitafutie wenyewe. Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31 katika hospitali mbili za mikoa ya Lindi na Mtwara, ambazo sitazitaja kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatazipendeza, na sasa nimestaafu, naishi Mikindani. Ninajibu kwa sababu madaktari hao hupita kwanza mikononi mwetu sisi wauguzi wa zamu ya usiku, na tunayaona mengi ambayo daktari bingwa anayekuja kwenye raundi saa mbili asubuhi hayakuti tena.

Kwa wasioujua utaratibu, nieleze kwa ufupi. Mhitimu wa udaktari akishamaliza miaka mitano ya chuo hupangiwa hospitali ya kufanyia utarajali kwa mwaka mmoja, akizunguka wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na ni baada ya hapo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humpa usajili kamili. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Bukoba na kusoma Mwanza anaweza kujikuta anashuka stendi ya Mtwara na begi moja na stetoskopu, hamjui mtu, hajui hata chumba cha kupanga kinatafutwa upande gani, na kesho yake asubuhi amesimama mbele ya bibi wa Tandahimba anayeeleza maumivu yake kwa Kimakonde kitupu. Nimewaona wakimwita mama wa usafi aje awatafsirie. Jambo hilo huchekesha likisimuliwa, lakini kwa mtu ambaye juzi alikuwa mwanafunzi na leo watu wanampisha njia kwenye korido wakinong'onezana kwamba daktari amefika, kushindwa kujua hata mgonjwa anaumwa wapi ni mzigo tosha, na hapo damu bado hajaigusa.

Njia wanazojitafutia ni nyingi, na nyingine si mbaya. Wapo wanaolala dakika 20 kwenye kitanda cha kupimia wajawazito, simu ikiwa kifuani ili mtetemo wake uwaamshe. Wapo wanaoumaliza usiku kwa ubishi wa Simba na Yanga, na nakiri kwamba ubishi huo umeniokoa hata mimi. Jumapili asiye na zamu huenda ufukwe wa Shangani hapa Mtwara, akala pweza, akakaa tu kutazama vyombo vinavyovuka kwenda Msangamkuu. Wengine wana swala zao, wengine wana kwaya. Karibu wote wana kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, waliotawanyika kuanzia Kigoma hadi Tanga, ambamo saa nane za usiku mtu huuliza dozi ya dawa na, akishajibiwa, huongeza sentensi moja kuhusu hali yake. Zipo pia njia ambazo si haki kuzificha: pombe ya kutafutia usingizi, vinywaji vya kuongeza nguvu chupa tatu kwa zamu moja, na dawa za usingizi ambazo mwenye kalamu ya kuandikia wengine hujiandikia mwenyewe. Huyo wa mwisho ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ana elimu ya kutosha kujidanganya.

Njia hizo hupumzisha mwili, au huusogeza mbali usiku uliopita. Kuna usiku mwingine hausogei, na nitaeleza mmoja.

Tulimpokea mama aliyejifungulia njiani, ameletwa kwa pikipiki kutoka kijiji cha mbali, kondo la nyuma halijatoka lote na kanga zake zimelowa hadi zinadondosha. Mtarajali aliyekuwa zamu, kijana mpole wa mwezi wa pili kazini, alifanya kila alichofundishwa: aliweka dripu mikono yote miwili, akaagiza oksitosini, dawa ya kuubana mfuko wa uzazi, akaukanda mfuko wa uzazi hadi vidole vikafa ganzi, akampigia bingwa simu, akamtuma mtu mbio maabara. Benki ya damu ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Mama yule alifariki saa tisa usiku, bingwa akiwa ndiyo kwanza anaegesha gari.

Tulipomaliza yaliyopaswa kumalizwa nilimtafuta kijana yule, nikamkuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, bomba liko wazi, anaosha mabuti yake meupe ya plastiki. Yalikuwa yamekwisha kutakata. Aliyaosha, akageuza soli, akayaosha tena, na aliponiona akasema, "Samahani mama, namaliza sasa hivi." Nililifunga bomba. Nikamletea chai ya mchaichai na kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichobaki kwenye hotpoti yangu, nikavuta ndoo nyingine nikakaa, nikamwambia, "Haya mwanangu, nieleze kuanzia alipoingia mlangoni." Akasema, "Lakini mama ulikuwepo." Nikamjibu kwamba nataka kuyasikia kwake.

Alieleza kwa muda wa kama nusu saa. Kila alipofika mahali pa "ningefanya haraka zaidi", nilimrudishia saa: dripu ya kwanza iliingia wakati gani, maabara walijibu wakati gani, kwa kuwa nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe kwenye faili. Palikuwa na mahali pamoja ambapo kweli alichelewa, dakika chache, akiitafuta namba ya bingwa kwenye simu yake kwa mikono yenye damu, na sikumficha; nilimwambia namba hiyo ibandikwe ukutani kabla hakujakucha, na ilibandikwa. Hapo ndipo alipolia. Kisha akanawa uso akarudi leba, kwani akina mama wengine watatu walikuwa kwenye uchungu na hawakuwa na habari ya yaliyotokea.

Huku kwetu, mtu awe Mmakonde, Mmwera au Myao, mwali hapelekwi unyagoni bila kungwi. Kungwi hamwondolei mwali maumivu wala hayabebi yeye. Kazi yake ni kuwapo, kumweleza linalompata, kumtania hofu inapomzidi, kumkemea anapokosea, na baadaye kuwaambia wengine kwamba huyu amepita, nami nimeshuhudia. Mtarajali tunamwingiza kwenye jando kali kuliko yote tunayoyajua, halafu suala la kungwi wake tunaliachia bahati. Akikutana na muuguzi mwenye subira, au na daktari aliyemtangulia kwa mwaka mmoja na bado anakumbuka, atavuka. Akikuta kila mtu amechoka, ataambiwa apige moyo konde, atazoea. Kwa maoni yangu jibu la swali lenu limo humo kuliko katika mazoezi ya kupumua na mashairi ya kutia moyo yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo.

Neno hilo "utazoea" nimelisema mara nyingi nilipokuwa kijana, na leo linaniudhi, kwa sababu waliozoea ndio walionitia wasiwasi kuliko waliolia. Namkumbuka binti mmoja ambaye alipofika wodini alimsalimia kila mzazi na kuuliza mtoto amenyonya vipi. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anasema "kitanda namba nane" na "yule wa presha", mkono wake ukiwa mwepesi, mafaili yake yakiwa safi kuliko ya wenzake wote, na alikuwa akisifiwa kwenye raundi. Mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach, ambaye yeye na mwenzake walitoa mwaka 1981 kipimo cha uchovu wa kazini kinachotumika hadi leo, aliutenga uchovu huo katika mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kujiona hufanikishi lolote kazini. Nilipofundishwa hayo kwenye semina, la pili lilinijia moja kwa moja na sura ya binti yule. Nilimkalisha chini nikagundua kwamba hakuwa amewapigia simu wazazi wake kwa miezi mitatu, na kwamba tangu jana yake alikuwa hajala na wala hakuhisi njaa. Wenzake walibadilishana zamu wakampa siku tatu. Siku mbili za kwanza alilala tu.

Hapo pana suala la usingizi, ambalo watu hulizungumza kama ni uvivu. Katika hospitali niliyomalizia kazi, zamu ya mtarajali ilianza saa moja na nusu asubuhi, na kama usiku ulikuwa mzito, haikumalizika hadi mchana wa siku ya pili. Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Dereva wa basi la Dar es Salaam akikutwa hivyo, abiria wote watashuka, lakini daktari wa hivyo tunampa sindano na uzi. Jimbo la New York, baada ya kifo cha binti wa miaka 18 aitwaye Libby Zion mwaka 1984 akiwa chini ya madaktari wa mafunzo waliokuwa wameelemewa, liliweka mwaka 1989 kikomo cha saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo. Sitarajii kikomo kama hicho kifike kesho kwenye hospitali yenye watarajali wa kuhesabika kwa vidole, maana saa unayompunguzia mmoja lazima aibebe mwingine. Hata hivyo kumzuia aliyekesha asiwe wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji asubuhi hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka anayeuliza, "Nani amekesha?"

Jambo linalowatisha watarajali kuliko usiku wenyewe ni kikao cha kujadili vifo vya uzazi na watoto wachanga. Kikao hicho ni kizuri; kwa taratibu zake hakitafuti mchawi, kinatafuta mahali mnyororo ulipokatika, iwe ni nyumbani, barabarani au wodini. Nimekaa kwenye vikao vilivyofuata utaratibu huo na damu ikaongezwa kwenye benki baada ya wiki moja. Nimekaa pia kwenye kimoja ambacho mkubwa fulani alimsimamisha mtarajali mbele ya watu 20 na kumuuliza, "Wewe ulikuwa unafanya nini?" kana kwamba ni mwizi wa korosho aliyekamatwa ghalani. Daktari wa Marekani Albert Wu aliandika mwaka 2000 kwamba kosa la kitabibu huwa na mwathirika wa pili, naye ni mhudumu aliyehusika. Katika kikao kile mwathirika wa pili alitengenezwa mbele ya macho yetu, na hakuwa hata amekosea. Tangu siku hiyo watarajali wa kundi lile walianza kuandika faili kwa ajili ya kujikinga, maneno mengi na habari kidogo, na walipokuwa na shaka hawakuuliza tena, kwa sababu anayeuliza amekiri kwamba hajui. Ukitaka kujua hospitali inawatunza vipi watarajali wake, usiwaulize kama wanafurahi, angalia wanauliza maswali mangapi usiku.

Kuhusu posho sitasema mengi. Wasomaji watu wazima watakumbuka mgomo wa madaktari wa 2012, ambao chanzo chake kilikuwa posho za watarajali zilizochelewa. Mtu anayedaiwa kodi ya chumba hapumziki hata akipewa likizo, na hakuna ushauri nasaha unaoziba pengo hilo.

Ndugu wa wagonjwa nao wana sehemu yao. Najua mtu wako akiwa hoi huwezi kuchagua maneno, nami nimetukanwa na watu ambao baadaye waliniletea kuku. Lakini simu inayonyooshwa usoni mwa daktari kijana ili kumrekodi anapopigania uhai wa mtu haimwongezei kasi. Humwongezea mtetemeko wa mikono. Katika msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mkononi na pikipiki nyingi barabarani, majeruhi huja kwa wingi na hasira huja nao, na wanaopokea hasira hiyo mlangoni kwa kawaida ndio wageni kuliko wote kazini.

Naambiwa sasa baadhi ya watarajali hukutana mara moja kwa wiki na daktari mmoja wa rika lao la juu, wakaeleza usiku wao mmoja mmoja bila kuandika popote. Kama ni kweli, hao wamekwisha kupata kungwi, na wauguzi waalikwe pia, maana ndio wenye saa za matukio. Kwa viongozi wa hospitali niliyostaafia, ambao watajitambua wakisoma hapa, nina ombi moja. Nyuma ya wodi ya wazazi kuna chumba kilichojaa vitanda vibovu na mizani isiyofanya kazi. Nilikipima kwa hatua zangu wiki ya mwisho kabla sijaondoka: vitu hivyo vikitolewa, magodoro mawili yanaingia, mlango una kitasa, na dirisha lake linafunguka upande wa upepo wa bahari.