Jua la Goma na retina yenye ugonjwa wa kurithi

Kijana anajikwaa kwenye mawe ya lava kila giza likiingia, kaka yake yuko hivyohivyo, na mjomba wao alipofuka polepole kabla ya uzee. Familia ya namna hiyo isitafute aliyeroga. Iende kwa dokta wa macho kupimwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maana huenda ni retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaompata karibu mtu 1 kati ya 4,000. Wakishaambiwa, wengi huuliza kama jua linauharakisha. Inategemea jeni (agizo la kurithi ndani ya seli) iliyoharibika. Na kwa kuwa hapa kwetu wachache sana wanaijua jeni yao, jikinge kana kwamba linauharakisha, lakini usijifungie gizani.

Jicho moja lina seli za fimbo zipatazo milioni 120 za kuonea kwenye giza, na seli za koni zipatazo milioni 6 za mchana na rangi. Fimbo zimejaa rodopsini, protini iliyobeba kipande kilichotokana na vitamini A. Mwanga ukiipiga, kipande hicho hunyooka na kuachana na protini. Protini nyingine, ABCA4, husaidia kukiondoa, kisha tabaka lenye rangi nyuma ya retina hukikunja upya kwa msaada wa protini iitwayo RPE65. Kazi hiyo haisimami mchana kutwa.

Rodopsini yenye hitilafu inaweza kushindwa kusimama vizuri ikishaachwa na kipande chake. Seli huelemewa na kujiua. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba mbwa wenye hitilafu ya rodopsini iitwayo T4R walipoteza seli kwa mwanga wa kiwango cha picha za retina za kliniki, mwanga usiowadhuru mbwa wazima. Katika ugonjwa wa Stargardt, ugonjwa mwingine wa kurithi wa retina, mbovu ni ABCA4: mabaki ya vitamini A hurundikana, na miali ya bluu huyageuza kuwa sumu zaidi. Kinyume chake, panya wasio na RPE65 kabisa hawadhuriki kwa mwanga mkali, kwa sababu rodopsini yao haijengwi upya. Tena, katika utafiti uliochapishwa 1980, wagonjwa wawili wa retinitisi pigmentosa walifunikwa jicho moja kwa saa kadhaa kila siku kwa miaka 5, na macho yote mawili yakaendelea kuharibika sawasawa. Kwa hiyo usimlaumu mama aliyekuacha ucheze juani. Chanzo ni jeni. Mwanga, pale unapohusika, huongeza mzigo tu.

Sasa miwani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, jirani na ikweta, na jua la saa sita mchana hufika luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 wakati ndani ya nyumba ni mia chache tu. Tafuta miwani yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miali ya UV (miali ya jua isiyoonekana), na daraja la 3, yaani inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Daraja la 4, lenye giza zaidi, hufaa ziwani, kamwe si kuendeshea pikipiki. Rangi ya kahawia au ya chungwa hupunguza bluu na kusaidia kutofautisha shimo na kivuli. Ongeza kofia yenye ukingo mpana, na fremu inayofunika pembeni, kwa kuwa ziwa na mabati mapya hurudisha mwanga kutoka chini na ubavuni.

Miwani ya barabarani huandikwa UV400 hata kama haina kitu. Nenda kwa mbadilisha pesa mwenye taa ya kukagua dola. Noti halisi ya dola 20 ina uzi unaong'aa kijani chini ya taa hiyo. Weka kioo cha miwani katikati ya taa na noti: uzi ukiendelea kung'aa vizuri, usinunue. Ukizimika, ni dalili njema, ingawa kipimo hiki ni cha kukisia tu. Usiielekeze taa machoni. Kioo cheusi kisichozuia miali ya UV kinaweza kuwa kibaya kuliko kukosa miwani, kwani mboni hupanuka na kuiachia njia.

Vua miwani ukiingia ndani au jua likishuka. Fimbo huhitaji nusu saa na zaidi kuzoea giza, na mwenye ugonjwa huu huchelewa zaidi. Ngoja mlangoni kabla ya kukanyaga ngazi. Kuhusu simu, usitupe pesa kwenye miwani ya kuzuia bluu: mwanga wake ni mdogo mno ukilinganisha na jua. Karakana ya kuchomea vyuma ni jambo jingine, hapo usisimame kutazama cheche.

Unapopimwa, mweleze dokta kwamba kuna ugonjwa wa kurithi nyumbani na umwombe atumie mwanga mdogo unaotosha, bila kurudia picha zisizo na lazima.

Mtoto asiyeona usiku asipewe jina la ugonjwa wa kurithi haraka. Huenda amekosa vitamini A, na hilo hutibika. Kapsuli ya kampeni ni uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59, kila miezi 6, usimnyime. Aliyethibitishwa Stargardt ndiye asijinunulie vidonge vya vitamini A. Mawese na sombe ya kawaida aendelee kula.